Kikulacho Ki Nguoni Mwako: Moto wa Umeme Nyumbani mwa Askari

Askari mmoja wa Molo, wilayani Tororo, alikuwa akipiga pasi sare yake jioni ili awahi zamu ya usiku. Kabla hajamaliza, umeme ulikatika. Alingoja kidogo, akaona saa zinakwenda, akavaa sare ile ile, akafunga mlango na kushika njia ya kazini. Pasi aliiacha imelala juu ya blanketi lililokunjwa mezani, na plagi yake ingali katika soketi. Mnamo saa nne usiku umeme ulirudi. Jirani aliyetoka nje aliona moshi ukipenya chini ya mlango, akavunja kufuli, akakuta meza inawaka. Kwa bahati njema, mke na watoto walikuwa wamekwenda kuwaamkia wazee upande wa Busia. Lau wangalikuwa wamelala chumba cha ndani, tungalikuwa tunaandika habari ya msiba.

Tumeanza na kisa hiki, tulichosimuliwa huko Molo, kwa sababu ndani yake hamna mlevi wala mzembe. Yumo askari mwenye nidhamu aliyeharakia wajibu wake. Moto wa umeme huwapata watu wa namna hiyo, nao huja wakati baba yuko zamu na jamaa zake wamelala.

Mkazi wa Tororo huziona nyaya kubwa za volti 132,000 zitokazo Jinja, ambako bwawa la Owen Falls, liitwalo leo Nalubaale, lilifunguliwa mwaka 1954. Nyaya hizo huendelea hadi Lessos, nchini Kenya. Kila mtu huziogopa, wala hakuna anayethubutu kuzikaribia. Lakini waya mwembamba uliopita nyuma ya kitanda, wenye volti 240 tu, hakuna auogopaye. Na huo ndio uchomao nyumba.

Yafaa ieleweke jinsi moto huo unavyoanza. Waya ukipitishiwa umeme kupita uwezo wake hupata joto. Joto hulainisha ngozi yake ya plastiki mpaka shaba ya ndani ikagusana, cheche ikaruka, na pazia au godoro likashika moto. Soketi ya kawaida hapa kwetu ni ya ampea 13, yaani yaweza kubeba wati 3,120 na si zaidi. Birika la umeme la wati 2,000 na pasi ya wati 1,200 zikiwekwa pamoja katika soketi moja, kwa waya mmoja wa nyongeza, tayari mpaka umevukwa. Na waya wa bei rahisi huchemka hata kabla ya kufika hapo. Hatari ni ile ile pale mtu anapochomeka nyaya tupu katika soketi na kuzikaza kwa njiti za kiberiti, kwani kiungo kilicholegea hutoa joto na cheche hata kama kinachotumika ni redio peke yake.

Dhidi ya hayo kuna fyuzi. Fyuzi ni mlinzi wa lango: mzigo ukizidi, yeye huungua ili nyumba isiungue. Nasi twafanya nini? Twamwondoa mlinzi huyo na kuweka msumari au uzi wa shaba mahali pake, kisha twafurahi kwamba taa zimewaka. Ni kamanda gani ambaye, mlinzi wake akipiga kelele usiku, humfunga mdomo na kurudi kulala?

Kwa ndugu zetu wakaao katika unipoti, vile vibanda vya bati vya mviringo, tuna neno la pekee. Waya uliopitishwa katika tundu la bati hukatwa ngozi na ukingo wa bati hilo polepole, kila upepo uvumapo. Shaba ikigusa bati, ukuta mzima huwa na umeme, na mtoto anayeegemea ukuta huo yumo hatarini kabla hata moto haujaonekana. Waya kama huo sharti upite ndani ya bomba la plastiki, na nyumba iwe na waya wa ardhini.

Asidhani mtu kwamba haya ni mambo ya vibanda tu. Tarehe 14 Juni 2017, katika jengo la ghorofa la Grenfell Tower mjini London, moto ulianzia kwenye friji ya jikoni katika nyumba moja. Watu 72 walipoteza maisha.

Basi, tunawasihi ndugu askari na polisi wazishike kanuni hizi kama amri za siku:

1. Umeme ukikatika, chomoa plagi ya pasi, jiko na birika papo hapo.

2. Usiweke vyombo viwili vya joto katika soketi moja.

3. Soketi yenye moto, harufu ya kuungua au alama nyeusi isitumiwe hata siku moja zaidi.

4. Kazi ya nyaya apewe fundi mwenye kibali cha serikali.

5. Ufunguo wa mlango ukae ndani, mahali ajuapo kila mtoto. Madirisha yetu yana vyuma, na mlango ndio njia pekee ya kutokea.

Moto ukizuka, zima swichi kuu kwanza ikiwa yafikika bila hatari. Usimwage maji juu ya kitu chenye umeme. Moto mdogo uzimwe kwa mchanga mkavu au kizimamoto cha unga. Ukishindwa, toa watu, funga mlango, kisha piga 999 au 112. Zimamoto ni idara ya Polisi yetu wenyewe, lakini gari lao lina mwendo wa kufika Molo, na moto haungoji.

Kila askari hukagua bunduki yake kabla ya kwenda zamu. Jioni ya leo, kabla ya kufunga mlango, akague pia nyaya za nyumba yake. Bunduki humlinda yeye aliyeko kazini. Ukaguzi huu huwalinda aliowaacha nyumbani.