Vibano vya Kamba Vilivyolika Katika Boti za Matanga

Katika boti za kisasa za matanga, hasa zile zinazoundwa Ulaya kwa ajili ya safari na mashindano, kamba nyingi za kutwekea na kurekebishia matanga hushuka kutoka mlingotini, hupita kwenye makapi yaliyo chini yake, kisha huelekezwa tezi hadi karibu na usukani, ambako hupangwa sambamba mbele ya winchi moja au mbili. Mpango huo humwezesha baharia kutweka na kutua tanga bila kwenda kwenye sitaha inayoyumba, lakini kwa kuwa winchi, yaani ngoma ya chuma inayozungushwa kwa mkono ili kuvuta mzigo mzito, haiwezi kuhudumia kamba zote kwa wakati mmoja, kila kamba huhitaji kifaa chake cha kuishikilia baada ya kuvutwa. Kifaa hicho ni kibano cha kamba.

Ndani ya kibano cha kawaida mna sehemu mbili zinazofanya karibu kazi yote: bamba la chini ambalo kamba huteleza juu yake, na kipande cha metali chenye meno, kiitwacho kamu, ambacho huzunguka kwenye pini. Wenzo wa kibano ukishushwa, springi huisukuma kamu iguse kamba. Kamba ikitaka kurudi mlingotini huikokota kamu, nayo kamu huzunguka na kuzidi kuibana, kiasi kwamba mzigo wenyewe ndio unaozalisha nguvu ya kubana. Ikivutwa kwa winchi kuelekea tezi, kamu hulegea na kuipisha. Kampuni ya Lewmar ya Uingereza imebuni pia namna nyingine, ambapo kamba hupita katika mfululizo wa pete zinazoinama pamoja, ili mbano usambae kwenye urefu mkubwa zaidi wa kamba badala ya kulemea mahali pamoja.

Uchakavu hujitokeza polepole. Tanga lililokazwa vizuri wakati wa kuondoka huanza kufanya mikunjo kando ya mlingoti kadiri upepo unavyozidi, kwa sababu henza, yaani kamba ya kulitwekea, imerudi kidogo kidogo. Hata hivyo si kila kuteleza ni ugonjwa, kwani kibano kizima nacho huiachia kamba kwa kiasi kidogo mzigo unapohama kutoka kwenye winchi, mpaka meno yapate kushika sawasawa. Njia ya kuaminika ya kupima ni kushona uzi wa rangi kwenye kamba mahali inapoingia katika kibano baada ya kuachiwa mzigo, kisha kutazama uzi huo baada ya saa kadhaa za kusafiri kwenye upepo mkali: ukibaki palepale kibano ni kizima, na ukiendelea kusogea kuelekea mlingotini pana kasoro inayotakiwa kutafutwa.

Hapo ndipo wenye boti wengi hukosea, kwa kukimbilia kununua kibano kipya wakati kasoro iko kwenye kamba. Henza ya tanga kuu, tanga linapokuwa limetwekwa hadi juu, hubanwa mahali palepale kila siku, hivyo koti lake la nje, yaani nyuzi zilizosukwa kuzunguka kiini, hulika na kuwa laini na jembamba hapo hapo, huku sehemu nyingine zote zikiwa bado nzuri. Tatizo huwa kubwa zaidi pale kamba nene ya poliesta inapoondolewa na kuwekwa nyembamba ya nyuzi za Dyneema kwa hoja kwamba hii ya pili ni imara kuliko ile. Uimara huo ni wa kweli, lakini kibano hakishiki uimara, hushika unene na ukwaruzo. Kibano cha Spinlock XTS, kwa mfano, hupokea kamba za milimita 8 hadi 14, na kwa jumla kamba iliyo karibu na kipimo cha juu hushikwa vizuri kuliko iliyo karibu na kipimo cha chini. Kwa hiyo tiba ya kwanza mara nyingi ni kugeuza kamba ncha kwa ncha, au kukata kipande kifupi upande wa tanga ili sehemu iliyolika isogee, au kuivisha kamba koti la ziada mahali inapobanwa.

Kamba ikionekana haina lawama, kibano husafishwa kwa maji baridi yasiyo ya chumvi, au maji ya vuguvugu yenye sabuni kidogo, kwa sababu chembe za chumvi zilizoganda huzuia springi na kuifanya kamu ichelewe kushuka. Mafuta na grisi hayapaswi kugusa meno wala bamba, kwani hulainisha penye kuhitaji ukwaruzo na kunasa mchanga ambao huzidi kusaga metali. Baada ya hapo meno huchunguzwa kwa mwanga mzuri na kupapaswa kwa kidole: meno mazima hukwaruza ngozi, yaliyolika ni mviringo na yanang'aa katikati, mahali kamba ilipopita. Wapo wanaoyanoa kwa tupa, na meno hushika tena kwa muda, ila tupa hupunguza ukubwa wa kamu, na kama ni ya alumini huondoa pia ngozi ngumu iliyotiwa kiwandani, hivyo yakaisha haraka kuliko mwanzo. Dawa ya kudumu ni kubadilisha kamu na bamba lake kwa pamoja, kwani kamu mpya juu ya bamba lililochimbika haipati mahali pa kuikandamiza kamba. Boti inayovuka bahari hadi mahali kama Kilifi au Zanzibar, mbali na maduka ya vipuri vya aina hii, inafaa kuwa na seti moja ya akiba.

Kazi yenyewe hutegemea muundo. Baadhi ya vibano hufunguliwa vikiwa mahali pake, vingine ni lazima bolti zinazopenya sitaha zifunguliwe kutoka chini, na springi huruka kwa urahisi, kwa hiyo ni vyema kila hatua ipigwe picha na vipande vipangwe kwenye kitambaa kwa mfuatano wa kutoka. Bolti za chuma kisichoshika kutu zilizokaa miaka mingi ndani ya alumini huwa zimegandana kwa sababu maji ya chumvi huzifanya metali hizo mbili zilane. Wakati wa kurudisha hupakwa marhamu maalumu ya kuzitenganisha. Matundu ya sitaha nayo hustahili uangalifu mkubwa kuliko kibano, kwa maana sitaha nyingi zina mbao nyepesi ya balsa katikati ya matabaka mawili ya fibaglasi, na maji yakipenya humo huiozesha bila kuonekana. Tundu hupanuliwa, hujazwa epoksi, hutobolewa upya, na ndipo kifaa hufungwa juu ya silanti ya kuzuia maji.

Kinachovimaliza vibano upesi ni kufungua wenzo wakati kamba ina mzigo. Kamba hupita kwa kasi chini ya meno, koti lake huchunwa, na joto la msuguano hupanda. Dyneema huyeyuka kwenye nyuzijoto zipatazo 150, chini sana kuliko poliesta. Utaratibu sahihi ni kuzungusha kamba kwenye winchi kwanza, kuivuta mpaka mzigo utoke kwenye kibano, ndipo wenzo uinuliwe na kamba iachiwe pole pole kwa mkono.

Baada ya matengenezo jaribio hufanyika gatini: henza hufungwa kwenye sehemu imara ya sitaha, huvutwa kwa winchi hadi ikaze sana, kibano hufungwa, winchi huachiwa, na uzi wa alama hutazamwa. Hata kibano kikifaulu jaribio hilo, mtu anayepandishwa mlingotini hapaswi kutegemea kibano peke yake. Kamba yake hubaki imezungushwa kwenye winchi, ncha imefungwa, na mwenzake aliye kwenye winchi hasogei mpaka aliyepanda atakaporudi sitahani.