Umbali Ndio Kinga: Tafakuri kwa Apangaye Kurusha Fataki za Angani Nyumbani

Usiku wa tarehe 4 Julai 2015, Wamarekani walipokuwa wakiadhimisha uhuru wao kwa fataki kama ilivyo desturi yao, fataki moja ililipuka mkononi mwa Jason Pierre-Paul huko Florida. Alikuwa na umri wa miaka 26, mchezaji mashuhuri wa mpira wa miguu wa Kimarekani, mchezo ambao mkono ndio chombo cha kazi. Madaktari walilazimika kukiondoa kidole chake cha shahada cha mkono wa kulia. Alirejea uwanjani mwaka huohuo, na baadaye akakubali mkono wake uonyeshwe katika matangazo ya kuwaonya wengine. Kidole hakikurudi.

Tunaanza na mkono huo kwa sababu takwimu nazo zinauelekeza. Tume ya Usalama wa Bidhaa za Walaji ya Marekani hukadiria kila mwaka idadi ya wanaotibiwa hospitalini kwa majeraha ya fataki, na viganja na vidole ndivyo huongoza, vikifuatwa na kichwa, uso na macho. Mwaka 2020, janga la UVIKO-19 lilipofuta maonyesho mengi ya hadhara na watu wakahamishia sherehe nyumbani, majeruhi walikadiriwa kufikia 15,600, ilhali mwaka uliotangulia walikuwa takribani 10,000. Vifo vilivyoripotiwa vilikuwa 18, na katika vinane kati ya hivyo marehemu alikuwa ametumia pombe au dawa za kulevya.

Kombora la fataki hufanyaje kazi?

Fataki inayozungumziwa hapa ni kombora: kifurushi cha karatasi ngumu, chenye umbo la mpira au la mcheduara, kinachotumbukizwa ndani ya mtutu uliosimamishwa wima. Chini yake kuna baruti ya kurushia. Ndani yake mna vinyota vya kemikali zitoazo rangi, pamoja na baruti ya kupasulia. Utambi unapowashwa, moto huifikia kwanza baruti ya chini, nayo hulisukuma kombora juu. Wakati likipaa, utambi wa pili huwaka ndani kwa ndani hadi lifikapo kimo chake, ndipo hupasuka na kuchanua.

Sheria ya Marekani huruhusu raia kununua makombora yasiyozidi kipenyo cha inchi 1.75, yaani milimita 44 hivi, yenye kemikali za mlipuko zisizozidi gramu 60. Utambi wake hutakiwa kuwaka kwa muda usiopungua sekunde 3 wala kuzidi 9. Msomaji na auzingatie muda huo. Ndio wote alionao mwashaji wa kuinuka, kugeuka na kuondoka. Atakayejikwaa gizani, au atakayeinamia mtutu ili aone kama utambi umeshika, amekwisha kuutumia.

Kutokana na maelezo hayo, chanzo cha majeraha kinafahamika kwa urahisi. Kombora likitumbukizwa kichwa chini, baruti ya kurushia hutazama juu, na mlipuko uliokusudiwa angani hutokea kwenye mtutu. Mtutu ukianguka baada ya kombora la kwanza, la pili huelekea kwa watazamaji. Na kombora likishikwa mkononi, mkono ndio huwa mtutu.

Mpango ni kupanga umbali

Tabibu akiulizwa kinga ya haya yote, jibu lake ni neno moja: umbali. Mpango mzima wa usiku huo hauna budi kuwa mpango wa umbali, nao hufanywa mchana, watu wakiwa na akili tulivu.

Hatua ya kwanza ni sheria. Uingereza haiwauzii raia wa kawaida makombora ya angani. Nchini Marekani, Massachusetts imekataza fataki zote za raia, ilhali majimbo mengine huruhusu. Kwetu Tanzania na Kenya, baruti zimo chini ya sheria za milipuko, na kurusha fataki huhitaji kibali cha mamlaka. Ikiwa sheria ya mahali pako imekataza, mpango umekomea hapo.

Palipo na ruhusa, chagua uwanja ulio wazi, usio na majani makavu, nyaya za umeme wala matawi. Watazamaji wakae mita 45 au zaidi kutoka kwenye mitutu, upande unakotoka upepo. Ua usiotosha umbali huo hautoshi kwa makombora. Wataalamu wa maonyesho makubwa wenyewe huhesabu futi 70, sawa na mita 21, kwa kila inchi moja ya kipenyo cha kombora. Upepo ukiwa mkali, ahirisha.

Tumia mtutu uliokuja na makombora hayo, usiwe na ufa. Bomba la chuma hugeuka vipande vya kukata nyama likipasuka. Usimamishe mahali tambarare na uuegemeze kwa mifuko ya mchanga pande zote. Tumbukiza kombora moja tu kwa wakati mmoja, upande bapa wenye baruti ya kurushia ukiwa chini. Makombora yaliyosalia yakae mbali, ndani ya sanduku lenye kifuniko.

Mwashaji awe mtu mzima mmoja, ajulikane tangu mchana, na asionje pombe mpaka kombora la mwisho liwe limezimika. Avae miwani ya kinga, vizibo vya masikio na nguo za pamba. Atumie kiberiti cha gesi chenye shingo ndefu, anyooshe mkono, wala asipitishe sehemu yoyote ya mwili juu ya mdomo wa mtutu. Mtu mwingine akae na maji tayari, na wa tatu awalinde watoto. Watoto wasipewe hata zile fimbo za kumetameta zinazodhaniwa kuwa za kitoto. Moto wake hufikia takribani nyuzi 1,100 za Selsiasi.

Kombora lisiporuka, ndipo subira hupimwa. Usilisogelee. Ngoja dakika 20, kisha limwagie maji mengi ukiwa upande, na usiliwashe tena kamwe. Wengi hujeruhiwa kwa sababu walidhani utambi umezimika.

Ajali ikitokea

Jeraha la moto lipozwe kwa maji safi ya baridi ya kawaida yatiririkayo, kwa dakika 20. Pete na saa zivuliwe kabla mkono haujavimba. Dawa ya meno, mafuta, yai na barafu visipakwe. Hudhuru ngozi na humchelewesha daktari.

Jicho likipigwa, lisisuguliwe, lisikandamizwe, lisioshwe, wala kilichochoma ndani yake kisichomolewe. Likingwe kwa kitako cha kikombe cha karatasi kisichogusa jicho, na mgonjwa afikishwe hospitali mara moja. Asipewe aspirini wala ibuprofeni, kwani huongeza uwezekano wa kutokwa damu.

Damu ikitoka kwa wingi, gandamiza jeraha kwa kitambaa safi bila kuachia. Kidole kilichokatika kifungwe kwa kitambaa safi chenye unyevu, kitiwe ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, na mfuko huo uwekwe kwenye maji yenye barafu. Barafu isikiguse kidole. Hospitalini, majeruhi aulize kuhusu chanjo ya pepopunda.

Masikio nayo hudai haki yake. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto asikutane na kishindo kinachozidi desibeli 120, na mtu mzima 140. Kwa aliye karibu na mtutu, kishindo huweza kuvuka viwango hivyo. Mwenye pumu naye akae mbali na moshi.

Huenda msomaji akaona kwamba, baada ya masharti yote haya, ni nafuu kwenda kutazama maonyesho ya wataalamu. Sisi tunaotibu tunaona hivyo pia, wala hatuoni haya kusema. Ua lile lile la moto huchanua angani kwa aliyesimama mita 200, naye huondoka na vidole kumi. Lakini kwa aliyeazimia kurusha mwenyewe, penye ruhusa na uwanja, tunamwomba jambo moja: kabla jua halijazama, atembee kutoka kwenye mtutu hadi viti vya watoto akihesabu hatua. Zikipungua, avisogeze viti. Zikiwa hazina pa kuongezeka, alirudishe sanduku dukani.