Printa ya Zamani na Kompyuta Mpya

Chama cha msingi kinapotuma katibu wake Kariakoo kununua kompyuta, mara nyingi hugunduliwa ofisini kwamba printa ya zamani, ile inayogonga utepe wa wino kwa sindano, haina mahali pa kuunganishwa. Wauzaji wa mitaa ya Aggrey na Msimbazi huwa wepesi kushauri printa mpya. Ushauri huo yafaa upimwe. Printa ya maji ya wino hunyunyiza, na ya leza huyeyushia unga juu ya karatasi, hakuna inayogonga. Kwa hiyo haziwezi kutoa kwa pigo moja stakabadhi ya nakala tatu: ya mkulima, ya karani na ya daftari la chama. Siku ya ubishi juu ya kilo zilizopokelewa, nakala ya mkulima ndiyo shahidi wake.

Kwanza utazamwe mgongo wa printa. Epson LX-310 ina tundu la USB tayari, nayo huhitaji waya wa kawaida tu. LX-300 ya awali haina. Ina tundu pana la miguso 36, ambalo waya wake uliishia katika tundu la matobo 25 nyuma ya kompyuta. Njia hiyo hupitisha biti nane sambamba, ilhali USB huzipitisha moja baada ya moja. Ndiyo sababu waya wa kuunganisha viwili hivi una kijisakiti cha kutafsiri ndani yake.

Hapa ndipo wengi hukwama. Waya huo hauiletei kompyuta tundu la zamani linaloitwa LPT1. Programu ya Windows huchapa bila shida, lakini programu ya hesabu ya enzi za DOS hulitafuta LPT1 lenyewe, isilione. Tena Windows ya biti 64 haiendeshi programu za DOS pasipo programu nyingine ya kuiga mazingira yake. Chama chenye hesabu za namna hiyo hakina budi kulitatua hilo kabla ya kununua chochote. Kompyuta ya kasha kubwa huweza kuongezewa kadi yenye tundu halisi la matobo 25. Yenye kasha dogo sana aghalabu haina nafasi.

Katibu aichukue printa mpaka dukani, pamoja na karatasi za nakala tatu na programu ya chama, ichape mbele yake, asome nakala ya tatu, kisha ndipo alipe.