Seva Isiyoficha Toleo Lake

Kivinjari kinapoomba ukurasa, seva haileti ukurasa peke yake. Hutanguliza mistari michache ambayo msomaji haioni, nayo huitwa vijajuu. Mara nyingi mmojawapo huanza na neno Server, na hapo seva hutaja programu inayoiendesha, namba ya toleo, pengine hata mfumo endeshi. Lugha ya PHP nayo huongeza mstari wake, X-Powered-By.

Hatari ya kutaja toleo ilionekana Oktoba 2021. Programu ya seva ya Apache, toleo 2.4.49, ilikutwa na dosari iliyopewa namba CVE-2021-41773, iliyomwezesha mtu wa nje kusoma mafaili yaliyo nje ya folda ya tovuti pale ambapo mipangilio haikuyazuia. Kiraka cha kwanza, 2.4.50, hakikuziba tundu lote. Siku chache baadaye ikatolewa 2.4.51. Mshambuliaji hakuwa na haja ya kubahatisha. Mtambo wa utafutaji uitwao Shodan hukusanya vijajuu vya seva za dunia nzima, hivyo kutafuta humo maneno Apache/2.4.49 kulitosha kupata orodha ya walengwa.

Kuficha toleo ni kazi ndogo. Kwenye Apache andika ServerTokens Prod, libaki jina tu; kwenye Nginx, programu nyingine ya seva, andika server_tokens off; na kwenye faili la php.ini, expose_php = Off. Pakia upya mipangilio, kisha hakikisha kwa amri ya curl -I. Kagua na kurasa za makosa, maana nazo huweza kutaja toleo.

Lakini msimamizi asijidanganye. Nyaraka za Apache zenyewe zinaonya kwamba kuondoa kijajuu cha Server hakuifanyi seva kuwa salama zaidi. Mjuzi huitambua programu kwa mpangilio wa vijajuu vingine na kwa namna inavyojibu ombi lenye kasoro. Tena roboti nyingi za wadukuzi hazisomi toleo kabisa. Hujaribu shambulio lilelile kwenye kila anwani. Na namba yenyewe huweza kupotosha: Debian na Ubuntu hutia viraka vya usalama kwenye matoleo ya zamani bila kubadili namba hiyo, hivyo seva iliyozibwa vizuri ikaonekana chakavu.

Hata hivyo naunga mkono kuficha. RFC 9110 ya mwaka 2022, inayoeleza kanuni za HTTP, inashauri seva isitoe maelezo ya kina yasiyo ya lazima, na mgeni wa tovuti hana faida yoyote na namba ya toleo. Ila kama leo una nafasi ya kufanya kazi moja tu, sasisha programu kwanza.