Taa ya Bahari Ndogo: Tuhesabu Mbele ya Kuwasha

Ndugu msomaji, sisi wa Butembo na Beni tunaishi mbali na bahari. Kutoka hapa mpaka Mombasa ni zaidi ya kilometa elfu moja. Samaki tunaowajua ni wale wa Kyavinyonge na Vitshumbi, nao tunawajua zaidi kwenye sahani kuliko ndani ya maji. Lakini dunia imekuwa ndogo. Wafanyabiashara wetu wanakwenda Dubai na Guangzhou kutafuta bidhaa. Huko, katika hoteli na maduka makubwa, wanaona masanduku ya kioo yenye maji ya chumvi, samaki wa rangi nyingi, na matumbawe yanayofunguka kama maua. Vijana nao wanayaona kwenye simu. Basi swali linakuja: kitu kama hicho kinaweza kukaa katika nyumba ya kwetu? Na mwenye nacho, akitaka kuondoa taa ya zamani na kuweka mpya yenye nguvu, afanye namna gani?

Usifikiri kwamba swali hili ni la matajiri peke yao. Kijana wa mtaa wako anayefunga paneli za jua ndiye atakayeitwa kuifunga ile taa. Akikosea, viumbe vitakufa, mwenye nyumba atapoteza pesa, na jina la fundi litaharibika. Tena kuna jambo lingine linalomgusa kila baba na kila mama: ule umeme utatoka wapi, na nani katika nyumba atakaa gizani ili sanduku la kioo lipate mwanga?

Matumbawe ni nini?

Wengi wakiona tumbawe wanasema ni jiwe. Wengine wanasema ni ua. Kumbe ni mnyama. Ni wanyama wadogo sana wanaoishi pamoja, maelfu kwa maelfu, na aina nyingi kati yao hujijengea nyumba ngumu ya chokaa. Karne kwa karne nyumba hizo hupandana, na ndiyo miamba ya bahari tunayosikia habari zake, kama ule wa kisiwa cha Chumbe karibu na Unguja, unaolindwa tangu 1994.

Sasa sikiliza ajabu yenyewe. Ndani ya mwili wa mnyama huyo kunaishi mimea midogo mno, isiyoonekana kwa macho. Mimea hiyo huchukua mwanga wa jua na kutengeneza chakula, kama vile jani la muhogo linavyofanya. Sehemu kubwa ya chakula hicho inapewa tumbawe. Tumbawe nalo linaipa mimea pahali pa kukaa, na uchafu wake unakuwa mbolea. Wanaishi kwa kusaidiana.

Kwa hiyo, msomaji wangu, taa iliyo juu ya matumbawe si pambo. Ndiyo jiko lao. Maji yanaweza kuwa safi kabisa, lakini jiko likizimika, tumbawe litakonda polepole mpaka life.

Mwanga mwingi nao unaua

Hapa ndipo watu wengi wanapokosea. Wanasema: kama mwanga ni chakula, basi tuongeze sana. Hapana. Mwanga ukizidi ghafula, ile mimea midogo inashindwa kazi na kuanza kutoa sumu, na tumbawe linaifukuza. Na kwa kuwa sehemu kubwa ya rangi ilitoka kwa mimea hiyo, tumbawe linabaki jeupe kama mfupa. Haliko maiti bado, lakini limefukuza mpishi wake. Hali hiyo ikiendelea, litakufa kwa njaa.

Joto nalo huleta hasara hiyo hiyo, na likiungana na jua kali inakuwa mbaya zaidi. Mwaka 1998 maji ya Bahari ya Hindi yalipata joto kupita kawaida, na matumbawe mengi ya pwani ya Kenya na Tanzania yakageuka meupe. Sehemu kubwa ilikufa. Kama bahari nzima iliweza kuumia hivyo, sanduku la lita tisini litaumia kwa siku chache tu.

Sisi tunao mfano wetu. Mchimbaji akishinda shimoni tangu asubuhi, kisha atoke ghafula kwenye jua la saa saba, anafunika uso kwa mkono. Jua si adui yake, ila macho hayakuzoezwa. Na nyinyi wakulima wa kakao wa upande wa Beni mnajua zaidi. Mche uliolelewa chini ya kivuli cha majani hamuutoi siku moja na kuuweka kwenye jua kali. Mnapunguza kivuli kidogo kidogo, juma kwa juma, mpaka majani yawe magumu. Tumbawe ni vile vile.

Taa za zamani na taa za sasa

Zamani wenye masanduku hayo walitumia ampuli kubwa zenye gesi, za wati 150 au 250. Zilitoa mwanga mzuri sana, lakini zilikuwa moto kama jiko na zilikula umeme mwingi. Wengine walitumia mirija mirefu myeupe, kama ile ya maofisini, na ilibidi kuibadilisha mara kwa mara, sababu nguvu yake inapungua hata kama macho yetu hayaoni tofauti.

Leo wengi wameingia katika taa za LED. Na hapa kuna habari ya kupendeza. Matumbawe yanapenda sana mwanga wa buluu, kwa kuwa katika maji ya bahari rangi nyekundu humezwa upesi, na buluu ndiyo inayofika chini. Kwa miaka mingi mafundi wa dunia walishindwa kutengeneza LED ya buluu yenye nguvu. Wajapani watatu, Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, waliifanikisha kwenye mwanzo wa miaka ya 1990, nao wakapewa tuzo ya Nobel mwaka 2014. Kumbe LED nyeupe ya kawaida inaanza na buluu hiyo hiyo, ikipakwa dawa ya manjano juu yake. Kwa hiyo taa ya matumbawe ya Dubai na toroshi anayofunga mchimbaji wetu kichwani ni ndugu wa tumbo moja.

Namna ya kubadilisha taa

Kijana, kama siku moja utaitwa kufanya kazi hii, fuata njia hii.

Kwanza, uliza ni viumbe gani vilivyomo. Matumbawe laini yanataka mwanga wa kadiri. Yale magumu yenye matawi yanataka mwanga mkali. Kuna kipimo maalum cha mwanga unaotumiwa na mimea. Kwa kipimo hicho wafugaji huwapa laini kati ya 50 na 150, na magumu kati ya 200 na 350. Jua la mchana bila mawingu linafika karibu 2000. Usiamini macho yako, sababu jicho linadanganyika na buluu: linaona giza pahali ambapo mwanga ni mwingi.

Pili, angalia urefu wa maji na upana wa sanduku. Taa moja ya nguvu ikining'inia katikati inachoma walio chini yake na kuacha pembe gizani. Heri taa iliyotandaza mwanga, au mbili ndogo. Ukiinua taa juu, mwanga unapungua makali na kuenea.

Tatu, anza chini. Taa mpya ya LED usiiwashe kwa nguvu yake yote siku ya kwanza. Ianze kwenye theluthi moja ya nguvu, kisha uongeze kidogo kila juma, kwa majuma manne mpaka sita. Kama taa haina kitufe cha kupunguza, iinue juu zaidi na uiwashe saa chache kwanza.

Nne, weka saa ya kuwasha na kuzima yenyewe. Saa nane mpaka kumi kwa siku zinatosha. Samaki na matumbawe nao wanahitaji usiku.

Tano, soma dalili. Tumbawe likififia rangi na kujifunga, mwanga umezidi: rudi nyuma. Likigeuka kahawia zaidi na kujinyoosha kuelekea taa, mwanga hautoshi. Majani ya kijani yakijaa kwenye kioo, mwanga umekutana na uchafu mwingi majini: punguza chakula cha samaki na ubadilishe maji.

Usalama usisahauliwe. Maji ya chumvi na umeme ni maadui. Taa ifungwe imara isije ikaanguka ndani. Kila waya ushuke chini kwanza mbele ya kupanda kwenye soketi, ili tone la maji lidondoke sakafuni lisifike kwenye umeme. Weka kifaa kinachokata umeme chenyewe hatari ikitokea. Na usiingize mkono majini mbele ya kuchomoa kila kitu.

Hesabu ya nyumbani

Sasa tuketi na kalamu. Tuseme sanduku lina urefu wa sentimeta 60, upana 40 na kimo 40. Hilo ni karibu lita 90 za maji. Taa ya LED ya wati 50 ikiwaka saa tisa inakula wati-saa 450. Pampu ya kuzungusha maji, wati 10 usiku na mchana, inakula 240. Je, tumemaliza? Bado. Matumbawe yanataka maji ya digrii 24 mpaka 27, na Butembo yetu iko juu mlimani, penye baridi. Lazima kuweka chuma cha kupasha maji moto. Kikiwa cha wati 100 na kuwaka nusu ya siku, kinakula 1200. Tena ile ampuli ya zamani ilikuwa inasaidia kupasha maji. Ukiweka LED isiyo na joto jingi, kile chuma kitafanya kazi zaidi. Umeokoa upande mmoja, umelipa upande mwingine.

Jumla ni wati-saa 1890 kila siku. Paneli ya wati 100, ikipata saa nne za jua zuri, inaleta karibu 400. Kwa hesabu ya karatasi unahitaji paneli tano, na kwa ukweli zaidi ya hizo, sababu kuna siku za mvua na umeme unaopotea njiani. Betri nazo ni gharama nyingine, tena kubwa.

Ulinganishe na jambo hili: mtoto anayesoma usiku kwa ampuli ya wati 5, saa nne, anatumia wati-saa 20. Ile taa ya matumbawe peke yake inakula mwanga wa watoto zaidi ya ishirini. Sanduku zima linakula mwanga wa watoto zaidi ya tisini! Na umeme ukikatika, mtoto atalala tu, asome kesho. Lakini pampu ikisimama, hewa ndani ya maji inapungua, na baada ya saa kadhaa vifo vinaanza.

Basi tufanye nini?

Sisemi kwamba sanduku la matumbawe ni baya. Mwenye umeme wa hakika usiku na mchana, mwenye subira, anaweza kulitunza vizuri. Lakini anunue matumbawe yaliyokuzwa na wafugaji: wanakata kipande cha mama na kukipanda, kama tunavyokata fimbo ya muhogo. Na ajue kwamba matumbawe magumu hayavuki mpaka wa nchi bila karatasi za mkataba wa CITES, ambao Kongo yetu imo ndani yake tangu 1976.

Kwa nyumba nyingi za kwetu, ushauri wangu ni mwingine. Chukua sanduku la kioo, weka maji yasiyo na chumvi, na vifaranga viwili vitatu vya tilapia kutoka bwawa la jirani. Ampuli ya LED ya wati 5 inatosha kuwaona jioni. Usiwape chakula kingi, ubadilishe sehemu ya maji kila juma, na wakikua warudi bwawani. Watoto wataona samaki anavyopumua, anavyogombania pahali, anavyolala usiku. Watajifunza kwamba kiumbe hai si saa ya ukutani. Kinategemea mkono wako kila siku.

Na yule fundi kijana, ukiitwa kufunga taa kubwa, usikimbilie kupokea pesa. Mwonyeshe mwenye nyumba hesabu hii kwanza. Ikiwa ni heri asifunge, umwambie. Fundi anayesema ukweli mbele ya kazi hatakosa kazi kesho.

Maswali ya kuzungumza nyumbani

1. Katika nyumba yetu, umeme kidogo tulio nao unatumika kwanza kwa nini? Nani aliamua?

2. Ni kitu gani kizuri ambacho sisi tumekiongeza haraka mno, mpaka kikaharibika?

3. Tukitaka kufuga kiumbe, nani atakitunza siku ambayo wakubwa hawako?