Taa za magari ya zamani: Fedha iende kwenye waya kabla ya balbu

MFANYABIASHARA anayepakia nyanya Ilula jioni ili ziwahi soko la Dar es Salaam alfajiri hutegemea vitu vitatu barabarani: injini, breki na taa. Injini na breki hupelekwa gereji mara kwa mara. Taa hukumbukwa siku zinapofifia au kuzimika. Siku hiyo dereva husimama kwenye duka la vipuri lililo karibu, hununua balbu yenye wati nyingi kuliko zote zilizopo, na kuendelea na safari.

Uamuzi huo wa haraka ndio unaowagharimu wamiliki wengi wa pikapu na magari ya zamani. Balbu ya wati 100 ikifungwa katika gari lenye nyaya za miaka ya 1970 haitoi mwanga wote uliolipiwa, huunguza swichi, na humrudisha mteja dukani na malalamiko. Kwa mwenye gari, hasara yaweza kuwa shehena nzima, au maisha ya watu. Kwa muuza vipuri, ni mtaji uliolala kwenye bidhaa inayomharibia jina.

Gari linalokwenda kilometa 80 kwa saa hupita mita 22 kila sekunde. Dereva anayetumia sekunde moja na nusu kutambua lori bovu lililoachwa njiani ameshakwenda mita 33 kabla mguu wake haujagusa breki. Mita hizo ndizo zinazonunuliwa mtu anapoboresha taa.

Ukubwa mmoja, magari mengi

Taa za mbele za magari ya zamani ni za aina mbili kuu. Ya kwanza ni ile mafundi waiitayo silibimu, ambayo kioo, rifleta na uzi wa kuwaka vimefungwa pamoja kama kitu kimoja. Uzi ukikatika hutupwa taa nzima. Marekani ililazimisha aina hiyo kuanzia magari ya mwaka 1940, na hadi 1983 ndipo iliporuhusu taa za kubadilisha balbu.

Aina ya pili ni ya Ulaya, ambayo balbu hutolewa na kubadilishwa. Balbu iliyozoeleka zamani ni R2 ya wati 45 kwa taa ya fulu na wati 40 kwa dimu. Mwaka 1971 iliingia balbu ya halojeni ya H4, yenye nyuzi mbili za wati 60 na 55, ambayo hadi leo ndiyo inayotembea zaidi kwa magari ya namna hii.

Jambo linalomfaa mfanyabiashara ni kwamba taa ya duara ya inchi 7 ilitumiwa na watengenezaji wengi. Land Rover za zamani, Land Cruiser za toleo la 40 na Volkswagen za "kobe" zilizotoka baada ya 1967 zote huchukua ukubwa huo. Kwa hiyo taa kavu ya inchi 7 inayopokea balbu ya H4 huwahudumia wateja wa aina nyingi kutoka rafu moja, na mtaji wake huzunguka upesi kuliko wa taa za mraba ambazo kila gari lina umbo lake.

Hata hivyo, muuzaji aulize kwanza volti za gari. Baadhi ya Land Cruiser za dizeli hutumia volti 24, na balbu ya volti 12 ikiwekwa humo huungua papo hapo. H4 ya volti 24 ni ya wati 75 na 70, na maandishi hayo husomeka kwenye kitako cha balbu.

Volti zinazopotea njiani

Tatizo la taa hafifu katika gari la zamani mara nyingi liko nyuma ya balbu. Umeme hutoka kwenye betri, hupita kwenye swichi ya taa, kisha swichi ya fulu na dimu, ndipo uende mbele kwa waya mwembamba na kurudi kupitia bodi. Baada ya miaka 30 au 40 kila kiungo kimeshika kutu, na kila kutu hula volti.

Balbu hupimwa kiwandani kwa volti 13.2. Mwanga wake haupungui sawasawa na volti. Hupungua kwa kasi zaidi. Balbu ikipata volti 12 tu, hupoteza zaidi ya robo ya mwanga. Ikipata volti 11, hubakiwa na zaidi kidogo ya nusu. Mwenye gari wa namna hiyo amenunua balbu nzima na anatumia nusu yake.

Kipimo chake hakina gharama kubwa. Injini ikiwa inaunguruma na taa zimewashwa, fundi hupima volti kwenye betri, kisha kwenye miguu ya balbu. Tofauti ikizidi nusu volti, kuna fedha inayovuja. Mara nyingi kusafisha viungo na kufunga waya mpya wa ethi kutoka kwenye taa hadi bodi hurudisha sehemu kubwa ya mwanga uliopotea.

Hapo ndipo balbu ya wati 100 inapofanya mambo yawe mabaya zaidi. Balbu mbili za wati 45 huvuta ampea 7.5 hivi kwa volti 12. Mbili za wati 100 huvuta karibu ampea 17, yaani zaidi ya mara mbili. Joto kwenye waya na swichi hukua zaidi ya hapo: mkondo ukizidi mara mbili, joto huwa mara nne. Waya uliowekwa kwa ajili ya ampea 7.5 hulainika ganda, na swichi huyeyuka.

Dawa ya kudumu ni rilei mbili, moja ya fulu na nyingine ya dimu, zinazochukua umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri kwa waya wa milimita za mraba 2.5, na fyuzi ya ampea 15 kwa kila rilei, karibu na betri. Swichi ya zamani hubakia na kazi ndogo ya kuamsha rilei. Kwa mpango huo balbu za kawaida za wati 60 na 55 hutosha kabisa, na swichi hudumu.

Muuzaji wa nyaya zilizokwisha kuungwa azingatie tofauti moja. Katika Land Rover swichi hukata umeme upande wa chanya. Toyota nyingi za zamani hukata upande wa ethi, hivyo seti ya gari moja haiingii moja kwa moja katika jingine.

Mshale kwenye kioo

Suala jingine ni chimbuko la taa. Tanzania, Kenya na Uganda huendesha upande wa kushoto, sawa na Japani na Uingereza. Dimu iliyotengenezwa kwa nchi hizo huinua mwanga kuelekea kushoto, pembeni mwa barabara walipo waenda kwa miguu. Dubai na bara la Ulaya huendesha upande wa kulia; taa zilizotengenezwa kwa ajili ya huko huinua mwanga kulia, na zikiletwa hapa humulika moja kwa moja machoni mwa dereva anayekuja.

Mnunuzi wa jumla anayefuata bidhaa Dubai ana njia rahisi ya kujikinga. Kwenye taa zenye alama ya E ndani ya duara, taa ya nchi za kushoto huwa na mshale unaoelekea mkono wa kulia wa mtu aliyesimama mbele akiitazama taa. Mshale wenye ncha mbili maana yake taa yafaa pande zote. Isiyo na mshale ni ya nchi za kulia, na bei yake hata iwe ya chini namna gani, hiyo si bidhaa ya soko hili.

Balbu za LED

Balbu za LED zinazochomekwa mahali pa H4 zimejaa madukani, na faida yake humvutia muuzaji. Tatizo lake ni la umbo. Rifleta ya H4 imechongwa kwa uzi mdogo ulio mahali maalumu, na LED isiyokaa hapo hasa hutawanya mwanga: karibu na gari huonekana pang'avu sana, mbali kukabaki giza, na anayekuja hupofuka. Ujerumani ilipoanza kuruhusu balbu za namna hiyo mwaka 2020, iliruhusu zilizopimwa tu, tena kwa magari yaliyotajwa kwa majina.

Taa nzima ya LED ya inchi 7, yenye lenzi yake yenyewe na alama za E na mshale, ni jambo jingine. Hiyo imetengenezwa kwa kazi hiyo na huvuta umeme kidogo. Bei yake ni kubwa, na inamfaa mwenye gari linalosafiri usiku kila wiki kuliko la kuzunguka mjini.

Balbu za rangi ya bluu zisihesabiwe kama maboresho. Rangi hiyo huchuja mwanga na kuupunguza.

Nani atoe fedha wapi

Kwa mwenye gari, mpangilio wa matumizi ni huu: kwanza kupima volti na kusafisha viungo, pili kubadili taa ambayo rifleta yake imefifia, kwani kuisugua huimaliza, tatu rilei na nyaya, nne balbu nzuri za wati za kawaida, mwisho kurekebisha mwelekeo. Dimu ishuke sentimita 10 kwa kila mita 10 ukutani, na pikapu ipimwe ikiwa na mzigo, kwa sababu shehena hukandamiza nyuma na kuinua taa.

Kwa muuza vipuri, faida iko katika kuuza vitu hivyo pamoja. Taa mbili za inchi 7 zenye mshale sahihi, balbu mbili za H4, rilei mbili, fyuzi na mita chache za waya ni seti moja inayoeleweka kwa mteja na fundi wake. Anayeanza na mtaji mdogo aweke akiba kubwa kwenye taa kavu, rilei na waya ambavyo haviharibiki rafuni, na achukue LED kwa oda tu. Balbu za wati 100 aziache zibaki kwa muagizaji.