Pampu Isiyovuta Maji

Pampu ya injini inayowekwa kando ya mto huko Kibondo au Kasulu haiyavuti maji kwa kweli, bali hupunguza kanieneo, yaani mgandamizo, ndani ya bomba ili mgandamizo wa hewa ya nje uyasukume yapande. Na kwa kuwa nyanda hizo ziko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, ambako mgandamizo hupungua, kimo cha mita 7 kinachomudika pwani huko huweza kuishinda pampu. Hata hivyo, pampu isipopandisha maji, mkosaji wa kawaida ni hewa inayopenya kwenye maungio, ambayo hugunduliwa kwa kupaka povu la sabuni na kuona linapofyonzwa, au jani lililokwama katika vali ya chini, inayozuia maji yasirudi mtoni. Pampu ijazwe maji kabla ya kuwashwa, kwani ikizunguka kavu huunguza sili, yaani kizuizi cha maji kwenye mhimili wake.